Simu iwekwe jikoni: therapi ya mbali kwa mtoto mwenye kifafa kikali

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Mwanangu yumo katika wale waliobaki. Dawa zimepunguza, hazijamaliza. Ndiyo maana, mbali na daktari wa kifafa, tuna therapisti anayemfundisha kula, kuvaa, kuoga na kucheza kwa kadiri mwili wake unavyoweza. Therapisti yuko Mombasa, sisi tuko Amu, yaani Lamu, na tunaonana kwa video ya WhatsApp.

Wazazi wenzangu huniuliza kama inafaa. Kwa kazi hii naona inashinda kusafiri. Safari yenyewe unaijua: kuamka usiku, mashua hadi Mokowe, halafu basi lipite Witu, Garsen, Malindi. Kukosa usingizi ni katika mambo yanayochochea kifafa. Mtoto hufika amechoka, pengine ameshaanguka njiani, na akishaanguka hulala au huduwaa. Therapisti anapima mtoto ambaye si yule wa nyumbani. Kwa simu anamwona akiwa macho, juu ya mkeka wake, anakula kwenye sahani yake.

Lakini mwonyeshe nyumba ilivyo. Usimketishe mtoto sebuleni na kanzu ya Idi. Piga simu wakati wa chakula, egemeza simu kwenye mtungi, mwanga wa dirisha umwangukie usoni. Kwetu therapisti alimwona bibi yake akimlisha uji amemlaza mapajani. "Shikamoo bibi," akasema, "naomba tumketishe kwanza." Bibi akamjibu, "Babake nilimlisha vivi hivi, na leo ni nahodha." Tulicheka sote. Kisha akaelezwa kwamba mtoto akilala chali uji unaweza kumwingia njia ya hewa, tena huyu dawa humsinzisha. Bibi alitaka sababu tu. Siku hizi yeye ndiye mkali, hakuna anayethubutu kumlisha mtoto aliyesinzia.

Kiti alikichonga seremala wa mtaani kwa vipimo tulivyochukua therapisti akitazama: nyayo zikanyage chini, magoti yakunjike, meza ndogo mbele. Pembeni tunajaza kanga zilizokunjwa. Hatumfungi kwa mkanda mgumu, kwa sababu akishikwa na kifafa anatakiwa atolewe haraka, alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni. Kijiko tulikizungushia kitambaa mpini ukawa mnene, akaweza kukishika. Gharama yake ni kitambaa.

Kuvaa tunaanzia mwisho. Mimi navisha shati lote, yeye analivuta chini tumboni, basi, kazi imekamilika na yeye ndiye aliyeimaliza. Akishazoea hilo, tunamwachia na mkono mmoja auingize mwenyewe. Mkono ulio dhaifu hutangulia kuingia na huwa wa mwisho kutoka. Inachukua muda mrefu, na asubuhi za haraka namvisha mwenyewe bila kujilaumu. Therapisti mwenyewe alinambia tuchague shughuli moja ya kufanyia mazoezi, si siku nzima igeuke darasa.

Nyumba zetu za mawe zina hatari zake, na hizo pia zionyeshe: ngazi zilizosimama, dari (ghorofa ya juu), birika (tangi la maji) la chooni. Sisi tulihamia chini kulala, birika likafunikwa, na anaogeshwa ameketi, kwa kata na ndoo, mlango haukomewi, mtu mzima hatoki hata kujibu hodi. Jiko la makaa lililo chini tulilizungushia kizuizi.

Therapisti wa mbali hana mikono ya kumdaka mtoto. Kwa hiyo wakati wa simu kuwe na mtu mzima wa pili, na kabla ya zoezi la kwanza kabisa mkubaliane: mko mtaa gani, apigiwe nani, nani ataangalia saa. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, hiyo si kazi ya therapisti tena, ni hospitali. Dawa nazo azungumzie daktari. Usipunguze wala kukatisha kwa sababu mtoto anaonekana mchangamfu kwenye video.

Mtandao ukisumbua, rekodi vipande vifupi vya mtoto akila au akivaa, utume usiku. Video ya kuanguka kwake pia humsaidia sana daktari, ila iende kwa daktari peke yake, si kwenye grupu la ukoo. Watu husambaza.

Kabla ya kulipa, uliza leseni. Kenya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuwasajili wataalamu hawa, na aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Muulize pia itakuwaje mtoto akianguka usiku wa kuamkia miadi. Wetu husema, "Mama, mwache alale, tutaongea jioni," na hatozi mara mbili. Akikuambia lazima mtoto aamshwe, tafuta mwengine.