Jibu: Una viza ya mwanafunzi Uingereza? Usisaini timu ya Non-League

Usisaini, mkuu. Umesema unasoma shahada Leicester kwa viza ya mwanafunzi, timu ya Step 5 (daraja la tano la Non-League, yaani ligi zilizo chini ya madaraja manne ya juu ya England) imekuahidi pauni 50 kwa mechi, na wakala wako amekuhakikishia kwamba "ilimradi hujavuka masaa 20 kwa wiki, uko salama". Maneno hayohayo nililishwa mimi, na nusura nifukuzwe nchi.

Masaa 20 ni ya kazi za kawaida: ghalani, hotelini, kuhudumia wazee. Mwanamichezo wa kulipwa yumo kwenye kazi ambazo viza yako imezikataza kabisa, hata kwa dakika moja. Na usidhani hapo wanasemwa watu wa Premier League tu. Sheria za uhamiaji zinamhesabu pia anayecheza au kufundisha kiwango cha nusu kulipwa, apewe hela asipewe. Ukisajiliwa na timu ya namna hiyo, umo. Ukiwa na wakala anayekutafutia timu, umo vilevile! Yaani huyo bwana ameshakuweka pabaya kabla hujavaa jezi.

Mimi nilimweleza kocha wa timu yangu habari ya viza waziwazi. Akacheka, akasema hapa kila mtu ana kazi yake, piga mpira. Na ukiwatazama unaamini: winga wetu fundi bomba, kipa anafika mazoezini Jumanne usiku na buti za saiti, zina saruji mpaka kwenye kamba. Utasema ni ridhaa tupu. Agosti tukacheza hatua za awali kabisa za FA Cup, halafu FA Vase, kombe la klabu ndogo, mabao yanaingia, bahasha za hela zinakuja.

Kumbe klabu zile zinaweka kila kitu mtandaoni: kikosi, mfungaji, dakika, picha. Januari, viwanja vimejaa maji na mechi zinaahirishwa ovyo, ikaja barua pepe ya ofisi ya viza ya chuo. Ndani yake picha yangu nashangilia bao, jina kamili chini. Chuo ndicho mdhamini wako, na kina wajibu wa kumripoti mwanafunzi anayevunja masharti kwa Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji. Nikaacha timu siku ileile, nikatafuta mwanasheria. Ada yake ilimeza bahasha zote pamoja na hela ya pango. Kocha hakupokea simu tena. Wakala akanijibu "mbona wengi wanacheza tu". Wengi! Yeye ana pasi ya Uingereza, atafukuzwa na nani? Watu hawa wanauza vijana wetu kwa mdomo, na hakuna hata siku moja wameandika neno.

Kwa hiyo waandikie ofisi ya viza ya chuo, usiende kuuliza kwa mdomo, na wakujibu kwa maandishi kabla hujagusa fomu ya usajili. Katibu wa klabu hata akikuapia, viza si yake. Kama shida yako ni kucheza, mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kucheza kwa ridhaa: timu za vyuo zinakutana Jumatano kwenye mashindano ya BUCS, chombo cha michezo ya vyuo vikuu, na ligi za Jumapili zimejaa kila mji.

Wakala akikupigia leo, mwambie akutumie kifungu cha sheria kinachokuruhusu. Akikituma, kibandike hapahapa tukisome wote.