Maswali ya Wasomaji: Hela Yako Ndani ya Kasino ya Melini

Tangu niliposimulia hapa kwamba kabla ya kurudi Kigoma na kufungua kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa hela pale Mwanga nilikaa miaka saba kwenye dirisha la keshia katika kasino za meli za kitalii, maswali hayajakauka. Wengine wana watoto wanaofanya kazi huko baharini, wengine wamealikwa matembezini na ndugu walioko ughaibuni, wengine wanataka kujua tu. Niseme mapema kwamba simshauri mtu acheze. Ila nimeona kwa macho yangu watu wakiliwa hela kabla mchezo haujaanza, kwa makato ambayo wangeweza kuyakwepa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwanangu, habari za kazi. Binti yangu aliyeko Kanada amenilipia safari ya siku nne, tutapanda meli Miami kwenda Bahamas. Nina kadi ya benki yenye shilingi milioni mbili na nusu. Niende na kadi au nibebe dola mkononi? (Mama wa watoto watano, Mwanga)

Shikamoo mama, na hongera kwa binti. Beba vyote viwili, ila kadi iwe ya dharura.

Melini huwezi kununua soda kwa noti. Ukipanda unapewa kadi ndogo. Hiyo ndiyo inayofungua mlango wa chumba na ndiyo inayolipia kila kitu. Ukinunua, kinaandikwa kwenye hesabu ya chumba, na mwisho wa safari unalipa. Siku ya kwanza wataka dhamana ya hesabu hiyo, na watakuuliza: kadi ya benki au fedha taslimu? Wewe weka fedha taslimu.

Sababu ni hii. Kadi nyingi tulizonazo huku zinachota moja kwa moja kwenye akaunti zetu, si kadi za mkopo. Ukiwapa, meli inaiomba benki yako izuie kiasi fulani, na inaweza kufanya hivyo kila siku. Hela haijaondoka, lakini huigusi, na safari ikiisha zinaweza kupita siku kadhaa kabla benki haijaiachia. Nilimwona mzee mmoja bandarini, amesimama mbele ya mashine ya kutolea fedha, anaingiza kadi mara ya tatu, anaifuta kwenye shati, anaiingiza tena. Hela yake ilikuwamo, ila imefungwa. Begi liko chini na hana nauli ya teksi.

Ukiweka taslimu pale dawati la huduma kwa wageni, watakata ulichotumia na kukurudishia kinachobaki. Dai risiti na uitunze kama unavyotunza kadi ya kliniki. Halafu muulize binti kama bakshishi ameshailipa pamoja na tiketi, maana kampuni nyingi kubwa za Marekani zinaongeza zenyewe kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku. Kwa siku nne na watu wawili, hiyo ni dola 128 hadi 160, na asiyejua hushtuka siku ya kushuka.

Dada, kaka yangu alipanda meli mwaka jana. Anasema alicheza kwa kadi ya chumba na bili ikaja kubwa kuliko hela alizoliwa. Inawezekana kweli? (Kijana wa Ujiji)

Inawezekana kabisa, na hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Unakaa mbele ya dubwi, ile mashine ya kamari. Unachomeka kadi yako ya chumba, unabonyeza namba ya siri, kioo kinakuuliza: 20, 50 au 100? Unagusa 100. Hela inaingia na taa zinawaka. Hukufungua pochi, hukuhesabu noti, hukumwona mtu akipokea kitu. Lakini kwenye hesabu ya chumba hakukuandikwa 100. Kuna kampuni inayoandika 103 na kuna inayoandika 105, kwa sababu kuchota hela ya kasino kutoka kwenye chumba kuna makato, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Na ukigeuza nia ukaitoa hela hiyo bila kuicheza, makato hayarudi.

Hapa kibandani kwangu bei za kutoa zimebandikwa ukutani, na mteja akitumiwa hela anajua kuuliza, “Umeweka na ya kutolea?” Kule anayecheza hasikii swali hilo. Siku moja alikuja dirishani kwangu bwana mmoja kuuliza kwa nini bili yake ina mistari mirefu. Nikamhesabia: alikuwa amechota dola 100 mara 11 kwa usiku mmoja, makato asilimia 5. Dola 55 zimekwenda, na hakuna hata mzunguko mmoja wa mchezo ndani yake. Alikaa kimya, akakunja karatasi mara nne, akaondoka. Mimi nilikuwa mwajiriwa wa dirisha lile na sikuruhusiwa kumwambia mapema. Ndiyo maana nakwambia wewe leo.

Dawa yake ni nyepesi: nenda kasino na noti. Mashine nyingi zinameza noti moja kwa moja, na kwenye meza unampa mchezeshaji noti naye anakupa chipu, zile sarafu za plastiki, bila makato. Noti za usiku huo ziwe kwenye mfuko mmoja, nyingine zibaki kwenye sefu ya chumbani. Mfuko ukiisha, usiku umeisha.

Usikimbilie mashine ya kutolea fedha ya melini pia. Hapo unakatwa mara tatu: mwenye mashine, benki yako, na kubadilisha fedha. Na mwenye kadi ya mkopo ajue kwamba benki nyingine huhesabu hela ya kasino kama mkopo wa taslimu, riba inaanza siku hiyohiyo.

Nauza dagaa kwa watu wa Kalemie na Bujumbura, wananilipa dola, nyingine zimechoka. Mwezi ujao nasafiri kwa meli na wenzangu. Nibebe zipi, na zikibaki nifanyeje? (Mfanyabiashara, Kibirizi)

Ndugu yangu, hapa mambo yanageuka kichwa chini. Huku kwetu noti ya 100 safi ndiyo mfalme. Ndogo, za 1, 5, 10 na 20, unabadilishiwa kwa bei ya chini, na zile za matoleo ya zamani kabla ya 2006 wengi hawazitaki kabisa. Kwenye meli inayotumia dola, noti ndogo ndizo zenye kazi: bakshishi ya mbeba mizigo, teksi ya kisiwani, dubwi la senti. Basi ndogo zako ulizokuwa unazilalamikia nenda nazo. Wakati wa kurudi, mwombe keshia wa kasino akupe noti za 100 zisizo na mkunjo. Tuliombwa hivyo kila safari na tulitoa.

Chipu usije nazo Kigoma. Zina thamani kwa waliozitoa tu, hapa ni vifungo vya koti. Hivyohivyo karatasi ambayo dubwi linakutemea ukimaliza, ina muda wake. Vibadilishe kabla kasino haijafungwa usiku wa mwisho, na usisubiri dakika za mwisho, foleni yake ni ndefu kama ya treni ya Dar.

Ukirudi na dola, zipeleke benki au duka la kubadilisha fedha. Kumbuka tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, kwa hiyo usimlipe mwenye gunia kwa dola hata mkiwa marafiki.

Na kama meli yenu ni ya kampuni za Ulaya, hesabu huenda zikawa za yuro. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya melini, chagua ya melini. Ile ya nyumbani inavutia kwa sababu unaielewa, lakini kiwango anapanga mwenye mashine, na kwa kawaida hakipangi kwa faida yako.

Mbona Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, haikuwahi kuwekwa kasino, na watalii wanakuja? (Mzee, Katonga)

Shikamoo mzee. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi hapa mwisho wa reli, na Waingereza walipoirudisha kazini mwaka 1927 ikawa meli ya watu na mizigo yao mpaka Mpulungu, Zambia. Zaidi ya hapo kuna sheria. Kasino za meli za kitalii hufunguliwa meli ikiwa imetoka kwenye maji ya nchi, ambayo baharini yanaweza kufika maili 12 za baharini, kama kilomita 22 kutoka pwani. Ikitia nanga bandarini, kwa kawaida milango hufungwa. Ziwa Tanganyika lote lina wenyewe: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Hakuna katikati isiyo na mwenyewe, kwa hiyo kasino upande wetu ingehitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kama iliyoko nchi kavu.

Kati ya dubwi, ruleti na karata, wapi unaliwa kidogo? (Mwendesha bodaboda, Bangwe)

Madubwi sikushauri, kwa sababu huwezi kuona hesabu yake. Ruleti, lile gurudumu la namba, unaweza kuihesabu mwenyewe, tena kwa macho. Tafuta sifuri. Gurudumu lenye sifuri moja lina namba 37, na kasino inakula wastani wa asilimia 2.7 ya kila unachoweka. Lenye sifuri mbili lina namba 38, na mgawo wake ni asilimia 5.26. Sifuri moja ya ziada inakaribia kuongeza mara mbili, na meli nyingi za Marekani zina hilo la pili.

Kwenye karata za ishirini na moja, soma maandishi ya kitambaa cha meza kabla hujakaa. Ukipata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo, meza nzuri hulipa 3 kwa 2: umeweka dola 10, unapata 15. Meza mbaya hulipa 6 kwa 5, yaani 12. Hizo dola 3 ni makato kama makato mengine, tofauti ni kwamba yameandikwa kwenye kitambaa cha kijani na wewe unaangalia karata.

Rafiki yangu ameahidiwa safari ya bure kwa sababu alicheza sana. Ni kweli? (Mwalimu, Gungu)

Ni kweli, hutolewa. Lakini mara nyingi bure hiyo ni ya chumba. Kodi, tozo za bandari na bakshishi analipa mwenyewe. Na ujue wanampima kwa alichozungusha mezani na kwenye mashine, kwa hiyo alishailipa safari hiyo kabla haijaja. Akiulizwa kama atacheza tena, ajibu kwa bajeti aliyoiandika nyumbani na mkewe.

Nikishinda nyingi, nitakatwa kodi? Na nitaingia nazo vipi Tanzania? (Hakutaja jina, Kasulu)

Kwa meli zinazofuata kodi ya Marekani, mgeni asiye mkaazi wa nchi hiyo akishinda kitita kwenye dubwi hukatwa asilimia 30 palepale na kupewa karatasi. Ruleti na ishirini na moja hazimo kwenye makato hayo. Ukibeba zaidi ya dola 10,000 taslimu lazima utoe taarifa unapoingia au kutoka Marekani, na mpakani kwetu ni hivyohivyo kwa kiwango hicho. Kutoa taarifa si kulipa kodi, ni kusema unazo. Usipotoa taarifa ndipo unapohatarisha zote.

Mwanangu ni mhudumu wa vyumba melini. Kila wiki ananitumia dola 150 na kila mara zinafika pungufu. Nasikia kasino iko humohumo, naogopa anachezea. (Mama, Buzebazeba)

Shikamoo mama, punguza hofu. Wafanyakazi kwa kawaida hawaruhusiwi kucheza kwenye kasino ya meli wanayofanyia kazi, na akikamatwa anaweza kupoteza kazi. Upungufu huo nadhani unatoka kwingine. Anapotuma, kuna ada isiyojali ukubwa wa hela. Kama ada ni dola 5, kutuma mara nne kwa mwezi ni dola 20, na angetuma 600 kwa mkupuo angelipa mara moja. Pili kuna kiwango cha kubadilisha, na hicho ndicho kinachofichika: mtumaji anaambiwa “ada ni sifuri”, kumbe kila dola imekatwa shilingi kadhaa kabla haijafika kwako.

Mwambie kabla ya kutuma aulize swali moja: mama atapokea shilingi ngapi mkononi? Alinganishe njia mbili au tatu kwa jibu hilo. Wewe njoo kibandani siku yoyote baada ya saa nne asubuhi, uje na jumbe tatu za mwisho kwenye simu, tukae tuzihesabu pamoja.