Jibu: Mashua ya karatasi inachanika kila tukiivuta

Habari dada. Nimekuelewa: mtoto wa miaka minne, likizo ya Desemba, jua kali, na mashua inachanika mkifika ile hatua ya mwisho ya kuvuta.

Angalia karatasi kwanza. Kama ni manila, shida ndiyo hiyo: mikunjo inarundikana katikati na ncha inapasuka. Mimi na binti yangu tulihangaika na manila Jumamosi nzima hadi akalia. Tulipochukua A4 ya kawaida ya kuchapia, ikakubali mara ya kwanza. Kila mkunjo mtoto wako ausugue kwa mgongo wa kijiko. Wakati wa kuvuta, yeye ashike zile ncha mbili za juu avute nje polepole, wewe utie kidole gumba ndani ufungue tumbo la mashua. Kabla ya kukunja, pakeni karatasi nta ya mshumaa pande zote. Yetu bila nta ililowa ikalala ubavu kwenye karai.

Ila kwa umri wake ningeanza na kikombe, mikunjo mitano tu. Kata A4 iwe mraba, kunja pembetatu ncha ikiwa juu, leta pembe ya kushoto hadi ukingo wa kulia, ya kulia hadi kushoto, kisha masikio mawili ya juu shusha moja mbele, moja nyuma. Kinashika maji kweli, na anakunywa hapo hapo kabla hakijalowa. Kile kipande kilichobaki ulipokata mraba, kikunje mbele na nyuma kiwe upepeo, ufunge uzi chini.