HRV ya saa yako iko chini? Kapime sukari kwanza

Saa janja zimejaa mikononi Arusha na Moshi, na swali linalorudi ni lile lile: HRV, yaani tofauti ya muda kati ya pigo moja la moyo na linalofuata, ikiwa ndogo, ndiyo kisukari hicho? Hapana. Ila usiipuuze.

Moyo wenye afya haupigi kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Ukiwa umetulia, pigo linaweza kuja baada ya milisekunde 960, linalofuata baada ya 1,040. Saa hukokotoa tofauti hizo. Kinachozileta hasa ni neva ya vagasi, inayoutuliza moyo. Ikizidiwa na neva za hekaheka, tofauti hupungua, ini humwaga sukari kwenye damu na misuli huanza kuikaidi insulini. Nayo sukari ikikaa juu muda mrefu huziharibu neva zenyewe, kwa hiyo huwezi kusema kirahisi kipi kilianza.

Utafiti wa ARIC wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, uliwafuatilia watu wasio na kisukari. Mapigo ya kasi wakati wa mapumziko yalihusiana na kuupata ugonjwa kuliko hata HRV yenyewe. Basi kama saa yako haina HRV, hujakosa kitu kikubwa: tazama mapigo ya asubuhi.

Kupima: ukiamka, nenda haja ndogo, rudi ukae kimya kabla ya chai na kabla ya simu. Kaza mkanda, saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo. Pima dakika 5 ukipumua kawaida. Ukivuta pumzi ndefu za taratibu, namba hupanda na umejidanganya. Angalia wastani wa siku 7, na usijilinganishe na kijana wako, maana HRV hushuka na umri. Mbege ya jana, homa, zamu ya usiku au mlo mzito wa saa nne usiku, vyote huishusha. Hata mpagazi aliyelala juu mlimani atakuta imeshuka. Kinyume chake, mapigo yanayorukaruka huipandisha kwa uongo. Ukiyahisi, nenda ukapimwe moyo. Propranolol, dawa ya moyo na presha, nayo hubadilisha mapigo, lakini usiiache ili saa ikufurahishe.

Wastani ukishuka wiki kadhaa bila sababu, na kiuno kinaongezeka au nyumbani kuna mwenye kisukari, kapime sukari baada ya kukaa bila kula kwa muda wa saa 8. Kwa viwango vya WHO, 6.1 hadi 6.9 mmol/L ni onyo, 7.0 kwenda juu ni kisukari, ila kama huna dalili kipimo kirudiwe siku nyingine. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe: maji ya embe kidoleni unatosha kupandisha majibu. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, humdanganya.

Ukikuta onyo, dawa ya kwanza ni miguu. Majaribio ya Marekani ya mwaka 2002 yalipunguza waliofikia kisukari kwa asilimia 58, kwa dakika 150 za mazoezi kwa wiki na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 84 ni kama kilo 6. Tembea kwa kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Vilima vya Machame vitakufikisha hapo mapema kuliko barabara tambarare ya mjini. Na hesabu chai: vikombe 4 vya vijiko 3 ni karibu gramu 50 za sukari, kabla hujagusa andazi.