Kila idara ina rangi na vitufe vyake: pa kuanzia

Ndugu, unasema kwenye mifumo ya kompyuta ya taasisi yenu kila idara ina bluu yake, na mwongozo wa chapa mliouandika (kanuni za rangi, nembo na mwonekano) hakuna anayeufungua. Sishangai. Mtu aliyebanwa na tarehe ya mwisho hutumia kilicho karibu na mkono wake.

Basi msiandike mwongozo mwingine. Piga picha za skrini za kila kitufe na fomu kwenye mifumo yote, zibandike ukuta mmoja, kisha waite wakuu wa idara. Wakiona vitufe vya "Hifadhi" vya kila rangi na umbo vimejipanga pale, ubishi hupungua sana.

Halafu jengeni maktaba moja ya vipande vya skrini, kama vitufe na fomu, ambavyo msimbo wake (code) uko tayari kutumiwa na idara zote. Rangi zipeni majina ya kazi, mfano "rangi-onyo" badala ya "nyekundu", ili siku ya kubadilisha mguse sehemu moja tu. Maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na usuli (rangi iliyo nyuma yake) kwa uwiano wa angalau 4.5:1, kama inavyotaka WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Serikali ya Uingereza ilizindua maktaba ya aina hii kwa huduma zake za mtandaoni, GOV.UK Design System, mwaka 2018, na msimbo wake uko wazi, kauchungulie.

Nembo iacheni mwisho, itawalia miezi bure. Ila maktaba iwe na msimamizi mwenye mamlaka ya kusema hapana, hata kwa mkurugenzi.