Picha mbili za mlango hazikai sawa? Usigeuze kamera!

Yakhe, subiri! Jumamosi usiende Mji Mkongwe na mpango huo.

Umeandika kwamba picha zako za 3D, ile ya kushoto na ya kulia zinazotazamwa pamoja ili ule mlango wa nakshi uonekane una kina, zinakuumiza macho, pembe hazikutani, rangi mbalimbali, na unataka kujua ununue kitazamio gani cha kuzitazamia. Halafu mwishoni ukatia sumu: "safari hii nitageuza kamera zaidi kuelekea katikati." Hapo chai ilinipalia.

Usigeuze. Sogeza kando.

Mie nilifunzwa hivyo hivyo na bwana mmoja wa kwenye video. Ati macho ya binadamu hukutana kwenye kitu yanachokitazama, basi na kamera nazo zikutane. Nikamwamini, na nyinyi msinicheke, mngemwamini pia, alikuwa na maikrofoni ya bei. Macho ya mtazamaji yatakutana yenyewe akishaishika picha! Nani kamwambia kamera imfanyie kazi hiyo?

Angalia kinachotokea. Kamera ikiwa kushoto ukaigeuza kulia, ubavu wa kushoto wa mlango unatoka mrefu, wa kulia mfupi. Ukihamia kulia ukageuza kushoto, kinyume chake. Mfaa, ule mti wa kati ya mbao mbili za mlango, unakaa barabara, ndiyo maana hushtuki. Lakini panda kwenye pembe ya juu: njumu ile ile ya shaba, lile pambo la msumari, picha moja iko juu, nyingine iko chini. Jicho moja lipande, jingine lishuke. Macho hayakuumbwa hivyo. Ukiishusha picha nzima ili pembe ya juu ikae sawa, ya chini inaharibika maradufu.

Na mie ilikuwa kazi ya kulipwa, milango ya nyumba ya wageni. Nikaibana picha mpaka nakshi ya mnyororo ikagusa ukingo, najiona fundi. StereoPhoto Maker, programu ya kompyuta ya kupanga picha hizi mbili, inaweza kuunyoosha upotofu huu, tena ni ya bure, lakini ikishanyoosha lazima ukate kingo zilizopinda. Ikaenda minyororo ya pande zote mbili, pamoja na nusu ya maandishi ya kizingiti cha juu. Mwenye nyumba akaniuliza, "Ile aya umeipeleka wapi?" Hela sikuiona, na haki yake.

Kwa hiyo reli ya kamera, au hata ubao ulionyooka juu ya tripodi, na kamera itazame mbele moja kwa moja mara zote mbili. Ukiwa mita 2 kutoka mlangoni, sogeza kamera kando karibu sentimita 6.5, watu wa kazi hii hukadiria 1/30 ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi. Acha nafasi pembeni, usiwe bahili. Nyumbani rekebisha kwanza mzunguko, kisha ukubwa, kisha juu na chini. Kushoto na kulia ni mwisho kabisa, maana tofauti ya huko ndiyo kina chenyewe, siyo kasoro.

Rangi? Panga mwanga na rangi kwa mkono, kamera isijiamulie, basi. Na paka akihama baina ya picha mbili, rudia zote. Hakuna programu itakayomrudisha.

Lakini kugeuza, usigeuze! Kabla hujaenda tuwekee hapa pembe ya juu kushoto ya picha zote mbili, usizipunguze, tuone njumu zimepishana kiasi gani.