Kasuku wa kijani Margate?

SWALI: Mhariri mambo, mi naishi Margate, Uingereza, juzi natoka zamu ya usiku nasikia kelele juu ya mti, kutazama kumbe kasuku wa kijani kama sita hivi na baridi yote ile! Kuna mtu kaacha tundu wazi au?

JIBU: Dada, hujaota. Waliotoroka ni mababu zao, waliponyoka au waliachiwa na wenyewe, mwaka 1969 ikaonekana wanazaa porini na leo ni wenyeji kabisa. Jamii yao ipo Afrika na Asia, ila wa huko wengi wana asili ya India na Pakistan, wengine waliishi mpaka chini ya milima ya Himalaya kwa hiyo baridi wanaijua, halafu karanga za ndege bustanini kwa Waingereza zinawanenepesha bure. Cheki shingo: dume ana kidevu cheusi na pete ya pinki, jike hana. Jioni nenda Ramsgate, mji wa jirani, uwaone wakirudi kulala, kelele kama mnada wa samaki. Ila ukimkuta wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tena anakusogelea, huyo ndo mtoro, mpige picha uulize majirani.